Mwaka Niliokuwa Binti Mzenga

Msiba tuliupita mara mbili. Tulikuwa watu wazima ndani ya gari la kukodi, wengi wetu tukiwa na wajukuu, tunapanda na kushuka barabara za Misugusugu tukiulizia msiba wa Mama Ukarimu. Kila kijana wa bodaboda tuliyemuuliza alitujibu kwamba hapa hakuna msiba wa mtu huyo, msiba uliopo ni wa Bi. Mwanaidi binti Salumu. Tukawashukuru, tukaendelea kutafuta. Mwishowe mmoja wetu akamwona mwenyekiti wetu wa zamani, Jabali la Mlandizi, amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai la huyo Bi. Mwanaidi, ameshika tama. Ndipo tukaelewa. Miaka yote tumekula wali wake, tumelala kwenye vitanda vyake, tumemsalimia redioni, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza jina alilopewa na wazazi wake. Nilianza kucheka, tena nacheka msibani, mbele za watu, na kicheko kile kikaishia kwenye kilio hata wenzangu wakalazimika kunishika mikono ili nisianguke.

Mjukuu wake, msichana mwenye adabu, aliniletea chai ya tangawizi, akanipa shikamoo, akaniuliza kama tulikuwa tukifanya kazi pamoja na bibi yake. "Hapana," nikamwambia, "tulikuwa tunatumiana salamu." Akauliza, "Kwenye grupu?" Nikamwambia redioni. Akaniangalia kwa huruma, kama unavyomwangalia mzee aliyeanza kuchanganya mambo, akaenda kuwapa chai wengine. Simlaumu. Leo utamweleza nani ukaeleweka? Ulikuwa unanunua kadi ya salamu dukani, unaandika jina lako na mahali unapotoka, unaandika majina ya watu unaowasalimu, na mwisho unaweka ujumbe wako, mfupi, wenye kuuma kidogo ukiweza. Kadi unaipeleka posta, au unampa mtu anayekwenda Dar es Salaam, halafu unakaa kando ya redio Jumapili baada ya Jumapili ukisubiri mtangazaji aiokote katika rundo lake. Jina la kuzaliwa halikutosha. Kila mtu alikuwa na jina la redioni, na kwa jina hilo alijulikana kutoka Bagamoyo hadi Rufiji na watu wasioijua sura yake. Na kulikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeiandika lakini wote tuliifuata: ukisalimiwa, unajibu. Asiyejibu salamu alionekana mtu mbaya, au mtu aliyepatwa na jambo.

Mimi nilikuwa Binti Mzenga. Mwaka ninaoukumbuka ndio mwaka nilioanza kuitwa hivyo. Nilikuwa nimemaliza shule, sijaolewa, nakaa Mzenga na baba yangu katika nyumba ya vyumba vitatu, na mwaka mzima nilikuwa na hasira. Chumba cha tatu kilikuwa cha kaka yangu Shabani. Yeye na baba walikuwa wamegombana kwa sababu ya mikorosho, ugomvi wa wanaume wawili wanaofanana mno. Maneno yakatupwa ambayo hayaokoteki, na Shabani akaondoka na begi lake bila kuaga. Baba akasema, "Sitaki kulisikia jina lake ndani ya nyumba yangu." Nikamjibu kwamba nyumba ni yake. Kisha nikaenda kununua kadi ya salamu, maana hakusema chochote kuhusu kulisikia jina hilo kutoka Dar es Salaam.

Redio ilikuwa ya baba. Ilikaa juu ya kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na betri zake baba alizianika juani juu ya bati kila zilipochoka, akizigeuza kwa uangalifu, mtu ambaye hata shati lake hakuwahi kulianika mwenyewe. Jumapili alasiri tulikuwa tunakula bada, ugali wetu wa muhogo, na kisamvu cha nazi. Mtangazaji akasema, "Na kadi hii inatoka kwa Binti Mzenga, huko Mzenga, Kisarawe. Anaanza kwa kumsalimu baba yake mzazi." Akaendelea na majina mengine niliyoyaokota redioni humo humo: Jabali la Mlandizi, Mama Ukarimu wa Misugusugu, watu nisiowajua. "Na mwisho kabisa anamsalimu kaka yake Shabani, popote alipo. Ujumbe wake unasema: mlango haujafungwa." Mkono wa baba ulisimama juu ya sahani, tonge likiwa vidoleni. Nilijua sasa itapigwa redio au nitapigwa mimi. Baba akalitia tonge mdomoni, akatafuna mpaka likaisha. "Chumvi imezidi," akasema, akanyanyuka kunawa.

Hakunikataza. Wiki iliyofuata nikatuma nyingine, na nyingine, zote zikiishia kwa maneno yale yale. Kila kipindi kilipoanza baba alisogeza kigoda chake karibu na kabati, na mimi nilidhani anakaa pale ili aizime redio mara jina litakapotajwa. Hakuizima. Watu wakaanza kunijibu. Jabali la Mlandizi alinisalimu kwa sauti ya mtangazaji iliyonenepeshwa makusudi. Mama Ukarimu alinisalimu karibu kila wiki, na ujumbe wake ulikuwa mmoja tu, kwamba subira haimtupi mtu. Walinijibu watu wa Chole, wa Kisarawe mjini, wa Chalinze. Aliyetakiwa kujibu hakujibu.

Mvua za vuli zilipokaribia likatoka tangazo. Wanasalamu wote wa mkoa wangekutana Kibaha, siku ya Jumamosi, katika viwanja vya shule moja, na mtangazaji mwenyewe angekuja. Leo vijana wanaojazana viwanjani kwa ajili ya msanii wataona ni jambo dogo. Kwetu sisi halikuwahi kutokea. Watu waliosikiana kwa miaka wangeonana. Mimi, sitaki kudanganya, sikwenda kwa ajili ya mtangazaji. Nilikwenda kumtafuta Shabani. Kama alikuwa hai na ana masikio, basi alilisikia tangazo, na kama alilisikia alijua nitakuwepo. Nilijiandaa kwa hotuba nzima ya matusi. Nilipomwomba baba ruhusa nilitegemea vita. Akauliza nitalala wapi. Nikasema wageni wa mbali wamegawiwa kwa wenyeji, mimi nitalala kwa Mama Ukarimu. "Unamjua?" "Namjua sana." Baba akanitazama, akijua kama nilivyojua mimi kwamba sijawahi kumtia machoni mwanamke huyo. "Kibaha kuna watu wengi," akasema. "Uangalie." Akaingia ndani. Hakusema niangalie nini.

Nilifika Misugusugu Ijumaa baada ya swala, vumbi la barabara ya Mlandizi likiwa limenikaa mpaka kwenye kope. Mama Ukarimu alikuwa mwanamke mpana, wa umri wa kunizaa, mwenye mikono isiyotulia. Alinipokea mzigo, akanivua ushungi mwenyewe kana kwamba ni mwanawe, akaupiga vumbi mlangoni. "Binti Mzenga!" akasema. "Mwembamba hivi! Redioni nilikuona bonge." Akanionyesha chumba: kitanda cha kamba kilichotandikwa shuka lililodariziwa maua mekundu, chandarua kilichofungwa fundo, kioo kilichopasuka pembeni, harufu ya udi. Akanipakulia wali wa nazi, samaki wa kukaanga na mchicha, akaniacha nile kwa raha zangu chumbani, yeye akatoka uani kwenye jiko. Dirisha la chumba lilitazama uani. Jirani yake alikuwa amekuja kumsaidia kuchambua mchele wa kesho, na nilisikia nyungo mbili zikipepeta kwa zamu.

"Ndiye huyu?" jirani aliuliza. "Yule wa kaka?"

"Ndiye."

"Masikini. Na anajua?"

Ungo mmoja ulinyamaza. "Hajui," alisema Mama Ukarimu. "Mtoto wa watu bado anatumaini."

"Utamwambia weye?"

"Kesho, kwenye dua. Kesho litakuwa jepesi, watu ni wengi."

Nilikuwa na mwiba wa samaki mdomoni na nilishindwa kuutema. Wanaonijua leo hawataamini kwamba sikutoka mbio kwenda uani kumshika mtu kanga. Mimi ni mtu wa kusema. Mume wangu marehemu alizoea kuniambia kwamba nikizikwa watasahau kunifunga taya. Lakini siku ile nilikaa. Nilijiambia kwamba mgeni hamhoji mwenyeji kwa maneno aliyoyadokoa dirishani, na hiyo ni kweli, ndivyo tulivyolelewa. Kweli kubwa zaidi ni kwamba niliogopa. Nikiuliza, nitajibiwa. Nikila wali ule mpaka mwisho, Shabani ataendelea kuwa mzima hadi kesho. Nikala wote. Mama Ukarimu alipokuja kuchukua sahani alifurahi, akasema kumbe mwembamba ana tumbo.

Asubuhi kiwanja kilikuwa kimeshajaa tulipofika. Maturubai yalikuwa yamefungwa kwenye magoli na kwenye miti ya uzio, spika mbili zinakoroma, wapiga picha wanagombea watu. Mlangoni tulibandikwa vipande vya karatasi kifuani vyenye majina yetu ya redioni, na hapo ndipo vicheko vilipoanza. Jabali la Mlandizi, mwenyekiti wetu, ambaye nilimwona kichwani mwangu kama mlima, alikuwa mwembamba kuliko mimi, suruali imekazwa kwa mkanda uliotobolewa matundu ya ziada. Mtoto Mzuri wa Visiga alikuwa mzee mwenye upara na meno machache, anayejua kabisa kwamba anachekwa na akifurahia. Watu walikumbatiana, wakasukumana nyuma watazamane vizuri, wakakumbatiana tena. "Ndiye weye?" "Ndiye miye!" Wengine walilia. Mimi macho yangu yalikuwa getini. Kila mwanaume mrefu aliyeingia nilimpima mabega. Kila aliyenipa mgongo nilimzunguka nimwone uso. Mmoja alikuwa na mwendo wa Shabani kabisa, ule wa kutupa mguu wa kushoto, nikamkimbilia nikamshika mkono, akageuka: mtu wa watu, mwenye ndevu, akatabasamu kwa matumaini yake mengine. Nikamwomba radhi.

Na watu walinijua. Hilo sikulitegemea. Walisoma karatasi kifuani mwangu na nyuso zao zikabadilika. "Binti Mzenga! Wa kaka!" Wanawake walinishika mkono kwa mikono miwili. "Pole, mwanangu." "Pole, dada. Tuko pamoja." Hakuna aliyesema hongera kwa ujumbe mzuri, kama walivyoambiana wengine. Pole tu. Kila pole ilinipunguzia hewa kifuani. Mtangazaji alipofika, umati ukamfuata kama vifaranga, na alipopita karibu yangu Jabali akamwonyesha karatasi yangu. Alikuwa mtu mfupi, mtanashati, mwenye sauti ile ile iliyokuwa ikitoka juu ya kabati letu, na ilinishtua kuiona ikitoka kwenye mdomo wenye masharubu. "Binti Mzenga," alisema taratibu. "Kadi zako nazisoma kwa moyo mzito." Nikataka kumuuliza uzito wa nini. Umati ukamchukua.

Kabla ya chakula Jabali akatutuliza, akamkaribisha shekhe wa mtaa atuombee waliotangulia, na katekista mmoja akasimama pembeni yake kwa ajili ya wenzetu Wakristo. Desturi ni kwamba shekhe huwaachia watu wawataje wafu wao, kila mtu pale alipokaa, na wote huitikia. Majina yakaanza kupanda kutoka kwenye viti, moja moja, mengine kwa sauti za kukatika. Mpole wa Ruvu. Amina. Bibi Harusi wa Kiluvya. Amina. Majina ya kuchekesha, ambayo siku hiyo hakuna aliyeyacheka. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele nimefumba macho, nimeinua viganja, najiambia kwamba sasa itakwisha na tutakula. Kisha nyuma yangu, upande walikokaa wapishi, nikaisikia sauti ya yule niliyelala nyumbani kwake: "Shabani wa Mzenga, kaka yake Binti Mzenga."

"Amina," uwanja mzima ukaitikia. Wote. Mamia ya watu wasiomjua.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka kiti changu kikianguka na nakumbuka nikisema "Mwongo!" kwa mwanamke aliyenizidi umri kwa miaka mingi, mbele ya shekhe, viganja vya watu vikiwa bado viko juu. "Hajafa! Nani kasema amekufa? Asimame aliyemzika!" Hakusimama mtu. Mwanamke mmoja alinivuta gauni, nikamsukuma mkono. Mwishowe alikuja Jabali, yule jabali wa fito, akanishika bega, akaniongoza hadi nyuma ya madarasa kwenye masufuria ya pilau. Mama Ukarimu alikuwa pale, kanga imemteleza kichwani.

"Nani kakuambia?" nilimuuliza.

"Hakuna aliyeniambia, mwanangu."

"Umeona kaburi?"

"Sijaona."

"Sasa umejuaje?"

"Umetuambia weye."

"Mimi?"

"Weye, mama. Mwaka mzima unamsalimia. Miye nakaa na redio yangu kila Jumapili, nasema leo atajibu, hata kwa kadi ya mtu mwingine. Hajibu. Mtu mzima na akili zake asalimiwe na damu yake mwaka mzima, anyamaze? Sisi mtu wa hivyo hatujapata kumwona. Nikasema basi huyu ametangulia, na nduguye hajapata wa kumpa habari. Nikasema asikose dua."

"Wote mlidhani hivyo?"

Jabali alikuwa anatazama viatu vyake. "Wengi wetu," alisema. "Hatukuwa na pa kukuuliza. Utamwuliza mtu vipi redioni?"

Shekhe alikuwa ametufuata, mzee mchangamfu aliyeshika kanzu yake isiguse majivu. "Binti," akasema, "dua haimdhuru aliye hai. Kama yupo, imemfikia huko huko." Jabali akadakia kwamba hilo ni jambo la kurekebishika, wiki hii wote watatuma kadi za kumsalimu Shabani kwa uzima wake, mkoa mzima. Alisema vizuri, kwa nia njema, na ndipo hasira yangu ilipopata mahali pa kukaa. "Asisalimiwe," nikamwambia. "Na mtu yeyote. Mimi mwenyewe simsalimii tena."

Nina umri sasa aliokuwa nao Mama Ukarimu siku ile, pengine nimeupita, na nilimwelewa miaka mingi kabla ya kumzika. Hakukosea kwa ujinga. Alihesabu kwa hesabu ya watu wetu: salamu ni deni la mdomo, na maskini wa kutupwa anaweza kulilipa. Alikuwa amenipa njia moja, kwamba kaka yangu amekufa, kwa sababu ile njia ya pili aliona aibu hata kuitamka mbele yangu. Mimi niliitamka moyoni nikiwa nimesimama pale kando ya pilau. Ama nilikuwa nasalimia kaburi, ama nilikuwa na kaka mzima, mwenye masikio, ambaye alinisikia kila wiki akanyamaza. Sikujua nililie lipi. Msichana wa umri ule huchagua hasira kwa sababu inamsimamisha wima. Mtangazaji alinipa kipaza sauti alasiri ile nimsalimu yeyote nimtakaye, nikakataa. Hiyo ndiyo siku yangu kubwa ya Kibaha ambayo wenzangu wanaisimulia hadi leo kwa vicheko, pilau, na picha za rangi.

Nyumbani baba alikuwa amekaa kizingitini. "Uliangalia?" akaniuliza. "Niliangalia," nikasema. "Haya." Hayo tu. Jumapili ikaja, baba akaisogelea redio, kipindi kikapita, kadi yangu haikusomwa. Jumapili ya pili ikawa vile vile. Mtangazaji alikuwa na kadi nyingi, baba angeweza kudhani ni zamu tu. Nilikuwa nasuka ukili, sinyanyui kichwa, lakini nilimwona akiiongeza sauti kila kadi mpya ilipoanza na kuipunguza ilipokwisha. Jumapili iliyofuata, kipindi kilipofika mwisho, aliuliza bila kunitazama, "Kadi zako hazifiki?"

"Situmi."

"Kwa nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote kwa ukali, majina, amina, mamia ya watu, kana kwamba ndiye aliyeitikia. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Akaizima redio, akaifunika kitambaa chake, akakinyoosha pembe zote nne. Kesho yake alikwenda kuonana na mwalimu wa msikiti, na aliporudi akanieleza kwamba korosho zikishauzwa tutachinja mbuzi tumsomee Shabani khitma.

"Kwa ushahidi gani?" nilipiga kelele. "Wale walibahatisha tu, baba!"

"Wale siwajui," baba akasema. "Miye nilikuwa nakusikiliza weye. Ulikuwa unamtaja, nikawa najua yupo. Sasa umenyamaza."

Sijawahi kuumizwa na maneno kama yale. Kumbe mtu yule mkavu, aliyesema hataki kulisikia jina, alikuwa akiishi kwa jina hilo wiki hadi wiki, na mimi ndiye niliyemkatia. Ningeweza kukimbia dukani siku ile ile nikanunua kadi. Sikukimbia. Kila asubuhi niliamka nikisema leo, na kila asubuhi nilijiuliza nitaandika nini, nitamwita nani, na kama nikimwita tena asijibu, baba atahesabuje? Korosho zilianza kudondoka. Tuliziokota wawili, kila mtu kwenye mkorosho wake, na sikuwahi kuombea mavuno yachelewe kama mwaka ule.

Siku yenyewe ilikuwa ya kazi, ya kawaida. Baba yuko shambani, mimi uani naanika mihogo niliyomenya, mkeka mzima mweupe. Nikasikia hodi, nikasema karibu bila kugeuka. Mtu akaingia, akasimama karibu na uzio. Alikuwa amevaa kanzu na kofia, mkononi ana kifurushi cha mchele na sukari kama wanavyobeba waendao kwenye matanga, na alikuwa ameinamisha kichwa kama wanavyoinamisha.

"Poleni na msiba," alisema.

"Msiba wa nani?" nikauliza.

Akanyanyua kichwa. Alikuwa amekonda, amekuwa mweusi kwa jua, na alinitazama kwa namna ambayo sijatazamwa tena na mtu maishani mwangu. Kifurushi kilimtoka. "Nilidhani ni wewe," Shabani akasema. Akaketi mchangani na kanzu yake nyeupe. "Ulinyamaza. Nilisubiri Jumapili ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka nikaacha kuhesabu. Nikajua umekufa. Nimeuliza njiani umezikwa lini, watu wananishangaa."

Sikumkimbilia. Nilisimama na kisu cha mihogo mkononi. "Ulikuwa unasikia?"

"Kila Jumapili."

"Unakaa wapi wewe?"

"Visiga. Nafyatua matofali."

Visiga! Nilipita Visiga nikienda, nikapita nikirudi. "Na siku ya Kibaha?"

"Nilijua uko pale. Nilikaa kwenye tanuri nisije nikaja." Alijifuta uso kwa mkono wenye mchanga. "Ningekujibu ningekuwa nimerudi, Tatu. Nilikuwa sijaweza. Lakini nilijua wiki ijayo utanitaja tena. Wiki zote ulinitaja."

Nikaweka kisu chini kwa sababu nilijiogopa, nikachukua ungo nikampiga nao. Nilimpiga mabegani, mgongoni, kichwani kofia ikaruka, mpaka ungo ukafumuka, naye hakujikinga. Nilikuwa namtukana na kumshika ili asiondoke, vyote pamoja. Katikati ya hayo nikaona ametulia, anatazama nyuma yangu. Baba alikuwa amesimama kwenye njia ya shambani, jembe begani.

Shabani akasimama. "Shikamoo, baba."

Baba hakujibu. Alishusha jembe, akaliegemeza ukutani palipo pake. Akaenda kwenye mtungi, akachota maji kwa kata, akanawa mkono mmoja, akanawa wa pili, polepole, akanawa uso. Nilisikia kila tone.

"Shikamoo, baba," Shabani alisema tena, na safari hii sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Baba alikuwa ametupa mgongo, maji yanamtiririka viwikoni. Nilimwona akipeleka mkono kwenye mtungi kuchota tena, mikono ikiwa imeshatakata, na nikajua akichota mara hii Shabani atatoka na hatarudi. Mimi, mwanawe wa kike, ambaye sikuwahi kumkumbusha baba yangu jambo la adabu, nilipiga yowe lililosikika hadi kwa majirani.

"Baba! Umesalimiwa!"

Kata ilimdondoka. Akageuka, akamtazama mwanawe tangu kichwa kisicho na kofia hadi miguu yenye vumbi la tofali, na midomo yake ikahangaika kana kwamba neno lenyewe amelisahau.

"Marahaba," akasema. Kisha akakaa chini palepale, juu ya mihogo yangu, akalia kwa sauti.